Ritifaa

Umeme umerudi Kitangiri saa tano na robo.
Yuniti nne kwenye luku, bando la usiku limefunguka,
betri ya laptopu ilishakufa tangu Pasaka,
na huu ndio muda wangu wa kazi isiyo na mshahara:
kulea kifurushi kilichoachwa na mwenyewe.

Ni kidogo, kilobaiti mia tatu.
Unakipa uzito wa dagaa wabichi,
kinakuambia watabaki kilo ngapi wakishakauka.
Aliyekiandika alichoka, akaacha ujumbe wa mstari mmoja:
"Mwenye nafasi akichukue."
Nilikuwa na nafasi. Sikuwa na ajira.

Skrini nyeusi. Kishale kinapepesa
kama muuza duka anayesubiri useme unataka nini.
Hapa hakuna picha ya kubofya.
Unasema neno, linatendeka.
Ukikosea neno, linatendeka vilevile.

Naamuru: jenga. Kinajenga.
Naamuru: kagua. Kikaguzi kinanisomea mashtaka
kama bwana afya aliyeingia jikoni bila hodi:
leseni haina mwaka,
maelezo yameanza na herufi ndogo,
mstari wa arobaini na moja una nafasi tupu mwishoni.
Nafasi tupu! Nani anaiona?
Yeye anaiona.
Nafuta. Nakagua. Nafuta.
Mdudu wa ziwani ametua juu ya namba ya toleo,
nikamdhania nukta, nikaongeza sifuri mbele yake,
akaruka na hesabu yangu.

Sasa kutuma. Chombo cha kutuma kinataka
jina la mtunzaji, palepale kwenye mstari wa amri.
Naandika nililopewa Magu na bibi mzaa baba:
Ng'washi.
Nabonyeza.

Kimya.
Kishale kimeshuka mstari mmoja,
kimeachama kama kifaranga,
kinangoja.
Nangoja nami. Huko Kirumba jenereta ya barafu
imezima, imewaka tena.

Ndipo nikang'amua
(na neno hilo lina kovu lilelile shingoni)
kwamba ritifaa yangu imefungua nukuu,
na mashine, kwa adabu yake ya kijinga,
inasubiri niifunge.
Itasubiri hadi asubuhi.
Inaamini sijamaliza kuitwa.

Karani wa vizazi aliniandika Ngwashi.
Cheti cha darasa la saba: Nguashi.
Benki: N. Gwashi, kana kwamba tuko wawili.
Mwalimu wa hesabu alisema, toa hako kamkia,
kanachafua daftari la mahudhurio.
Nikakatoa. Miaka kumi na tisa
nimeitikia jina lililonyofolewa.

Ingekuwa rahisi: futa kimoja, bonyeza, kalale.
Lakini ng'ombe bila ritifaa hakamuliki,
na ng'oa ukiipokonya ritifaa
inabaki ngoa, wivu mtupu.

Nikaweka kimstari kilichoegemea nyuma, kama mlevi ukutani.
Mlango wa nje ukanipitisha.
Chombo chenyewe kikaanguka ndani, kosa lilelile.
Basi nikakifungua tumbo,
nikashuka katika msimbo wa watu nisiowajua,
faili baada ya faili, mpaka yuniti moja na nukta mbili,
nikakuta mahali jina linapokabidhiwa amri nyingine
likiwa uchi.
Nikalivisha. Mistari miwili tu.
Nikaongeza jaribio, na ndani yake majina:
Ng'washi, Ng'wigulu, Ng'wandu,
na la Muairishi mmoja kwenye orodha ya wachangiaji
ambaye bila shaka naye amechoka.

Nikafunga kiraka, nikaandika sababu:
"Jina langu linakwamisha programu."
Nikasoma tena. Nikageuza:
"Programu inakwama kwenye jina langu."

Nikatia sahihi, nzima, na mkia wake.
Asilimia sitini. Sabini na moja.
Luku imeanza kulia.